Jinsi ya kuchagua injini yenye nguvu ya ndege ya rimoti: anza na propela, boksi liwe la mwisho

Kila boksi la injini ya ndege ya rimoti limeandikwa nguvu za farasi kwa tarakimu kubwa, na wengi wetu tulinunua injini ya kwanza kwa kuifuata tarakimu hiyo. Chukua injini ya mipigo miwili ya cc 7.5, ile ambayo kwenye orodha za bei huitwa "46" kwa sababu ujazo wake ni inchi za ujazo 0.46. Hutangazwa kuwa na nguvu za farasi 1.6 hivi. Maandishi madogo ya chini yanaeleza kwamba nguvu hizo hupatikana injini ikizunguka mara 16,000 kwa dakika. Sasa ifunge propela ya 11x6, ambayo inaifaa sana ndege ya saizi hiyo: ikiwa chini bado haijaruka, itafika 12,000, pengine 12,500. Zile 16,000 huzioni, na sehemu ya nguvu ulizolipia inabaki kwenye boksi.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyumenyume. Tunaanza na ndege, tunakuja kwenye propela, tunaangalia hewa ya mahali unaporushia, halafu mafuta unayoweza kuyapata bila kuhangaika. Injini yenyewe inafuata baada ya hayo. Mimi ni mtu wa Mombasa ninayeishi Nairobi, ndege zangu zimeruka kotekote, na hewa ya miji hiyo miwili imenifundisha mengi kuliko maelezo yanayokuja na injini.

Hatua ya 1: Ipime ndege na uamue kazi yake

Ipime ikiwa kamili: betri, servo (vimota vidogo vya kuongozea ndege), magurudumu, tangi likiwa na mafuta, kila kitu. Usikisie. Mizani ya dukani inatosha. Kisha jiulize unataka ndege ifanye nini. Kuna ndege ya mazoezi inayozunguka kiwanja taratibu. Kuna ndege ya sarakasi inayopinduka na kupanda wima. Kuna ile ya kuning'inia pua juu ikiwa imeshikiliwa na propela peke yake, na kuna ya mbio. Hizo ni kazi nne tofauti, na injini iliyo bora kwa moja inaweza kuwa ovyo kabisa kwa nyingine.

Wapenzi wa ndege za umeme wana kipimo kizuri ambacho hata mtu wa mafuta anaweza kukitumia. Ndege ya mazoezi inataka wati 220 hivi kwa kila kilo moja. Ya sarakasi za kawaida inataka 330. Ya kuning'inia inataka 440 kwenda juu. Hizo ni wati zinazoingia kwenye mota kutoka kwenye betri, kabla ya hasara ya joto.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: ndege ya sarakasi yenye kilo 2.5 na bawa la mita 1.5. Ukizidisha 2.5 kwa 330 unapata wati 825. Shika namba hiyo, tutaigusa tena.

Hatua ya 2: Chagua propela kabla ya injini

Propela ina namba mbili, zote kwa inchi. 11x6 maana yake kipenyo ni inchi 11 na pichi ni inchi 6. Pichi ni ule umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye mbao. Kutokana na pichi unaweza kukadiria mwendo wa ndege kabla hujanunua chochote: zidisha pichi kwa idadi ya mizunguko. Inchi 6 ni mita 0.152. Ikizunguka mara 12,500 kwa dakika, hiyo ni mita 31.7 kwa sekunde, yaani kilomita 114 kwa saa. Propela ya 12x4 kwa mizunguko hiyohiyo inakupa kilomita 76 tu kwa saa, lakini inavuta kwa nguvu ndege ikiwa inakwenda polepole. Ukitaka kuning'inia, kipenyo kikubwa na pichi ndogo. Ukitaka mbio, kinyume chake.

Kuna jambo hapa ambalo limeua injini nyingi. Mzigo wa propela haupandi kidogokidogo. Ukiongeza pichi, mzigo unapanda kwa kiasi hichohicho, lakini ukiongeza kipenyo, unapanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Kutoka inchi 11 kwenda 12 ni inchi moja tu, na mzigo umeongezeka kwa asilimia 40 kwa mizunguko ileile. Injini ndogo iliyofungwa propela kubwa inafanya kazi kama punda aliyepakiwa magunia mawili zaidi: itakwenda, itapata moto, halafu itasimama.

Ukiielewa propela utaielewa pia injini ya mbio. Katika mashindano ya kimataifa ya mbio za kuzunguka nguzo, daraja la F3D, injini haitakiwi kuzidi cc 6.6. Ni ndogo kuliko ile 46 yetu. Lakini inageuza propela isiyofika inchi 8 kwa mizunguko inayokaribia 30,000 kwa dakika, ikitumia mafuta ya methanoli asilimia 80 na oili asilimia 20, bila hata tone la nitro, yaani nitromethani, ile kemikali ya kuongeza nguvu. Ni mashine ya ajabu. Ukiifunga kwenye ndege yetu ya kilo 2.5 na propela ya inchi 12, haitakufaa kwa lolote. Nguvu zake ziko juu kabisa, mahali ambapo propela kubwa haifiki.

Kwa ndege ya mfano wetu, tunataka propela ya inchi 11 hadi 13, pichi 6, na kitu cha kuigeuza kati ya mizunguko 11,000 na 12,500. Injini yoyote isiyoweza kufanya hivyo tumeshaiacha, hata kama boksi lake linang'aa.

Hatua ya 3: Hesabu mwinuko wa mahali unaporushia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miongozo mingi inaandikwa na watu wanaorushia karibu na usawa wa bahari, na sisi wa Nairobi, Nakuru, Eldoret, Arusha, Mbeya au Kigali tunaisoma kana kwamba hewa ni ileile.

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Siku yenye nyuzi 25, hewa yake ina uzito pungufu kwa asilimia 17 kuliko hewa ya Mombasa yenye nyuzi 30. Injini inakula hewa. Ikinyimwa asilimia 17 ya hewa, inapoteza karibu kiasi hichohicho cha nguvu.

Wengi hudanganywa na kipima mizunguko. Unafunga injini ileile na propela ileile Nairobi, unapima, unakuta inazunguka karibu sawa na ilivyozunguka pwani, ukadhani mambo ni salama. Mizunguko haikushuka kwa sababu propela nayo inakata hewa nyepesi, mzigo wake umepungua pamoja na nguvu za injini. Kilichopotea ni mvuto. Ndege iliyokuwa ikipanda wima Nyali, kule Mombasa, hapa Nairobi inafika nusu ya njia na kuanza kuyumba. Na bawa nalo limepungukiwa: mwendo ambao ndege huanza kudondoka unapanda kwa asilimia 10 hivi, kwa hiyo utatua kwa kasi zaidi kuliko ulivyozoea.

Dawa ni kugawanya. Ukiambiwa ndege fulani inataka injini ya cc 7.5, gawanya 7.5 kwa 0.83. Unapata cc 9, na bahati nzuri hiyo ndiyo saizi ya "55", ambayo mara nyingi hukaa kwenye umbo linalokaribiana na la 46 na uzito usiotofautiana sana. Kwa mtu wa nyanda za juu, 55 ndiyo 46 yake. Ukiwa na nitro kidogo zaidi kwenye mafuta utarudisha sehemu nyingine ya kilichopotea, kwa kuwa nitro huja na oksijeni yake.

Jambo la pili la mwinuko ni sindano ya kabureta, ile skrubu inayopima mafuta yanayoingia kwenye injini, na hili nililipia. Hewa ikiwa chache, mafuta nayo lazima yapunguzwe, kwa hiyo Nairobi unafunga sindano kidogo. Desemba moja nilishuka Mombasa na ndege yangu, sindano ikiwa palepale nilipoiacha huku juu. Injini iliwaka mara ya kwanza na kulia sauti nyembamba, kali, tamu masikioni. Binamu yangu aliyekuwa amenishikia mkia akasema, "Kaka, leo inaimba." Nikairusha. Kwenye mpando wa pili sauti ikaanza kushuka, kama mtu anayeishiwa na pumzi, halafu ikakatika. Niliiteremsha bila injini na kuilaza majanini salama. Ilipopoa nilifungua sailensa, nikamulika tochi kwenye tundu la eksozi. Ubavuni mwa pistoni kulikuwa na mikwaruzo mitatu, imesimama wima, inang'aa kama waya mpya. Nilipogeuza propela kwa kidole ilipita juu laini bila kukaza. Pistoni na silinda vilikuwa vimekwisha.

Sababu ni rahisi. Hewa ya pwani ni nzito kwa karibu moja ya tano kuliko ya Nairobi, na mafuta yalikuwa ya kipimo cha Nairobi. Injini ilikuwa na kiu. Na katika injini hizi oili iko ndani ya mafuta, kwa hiyo injini yenye kiu ya mafuta ina kiu ya oili pia. Ile sauti tamu ilikuwa kilio. Tangu hapo, kila ninaposhuka pwani nafungua sindano nusu mzunguko kabla hata ya kuiwasha, kisha naitafuta upya pole pole. Ukipanda juu, injini itazidiwa na mafuta, itatoa moshi mwingi na kuwa nzito. Hiyo haiui injini, inaudhi tu. Kushuka ndiko kunakoua.

Hatua ya 4: Amua itakula nini

Kuna njia tatu: methanoli, petroli na umeme.

Injini ya methanoli ndiyo mzee wa mchezo huu. Mwaka 1947 Mmarekani Ray Arden alileta sokoni plagi yenye waya mdogo uliojisokota, wa platini. Unaupasha kwa betri ndogo wakati wa kuwasha, kisha unaondoa betri, na waya unaendelea kuwa mwekundu wenyewe kwa sababu mvuke wa methanoli ukigusana na platini hutoa joto. Hakuna koili, hakuna umeme wa cheche. Ndiyo siri ya wepesi wake: injini ya cc 7.5 pamoja na sailensa ni kama nusu kilo. Mafuta yake ni methanoli, oili ya asilimia 18 hadi 20, na nitromethani ya asilimia 5 hadi 15. Oili nzuri ya zamani ni mafuta ya nyonyo, yaani ya mbarika, na mpaka leo mafundi wengi wanapenda yawemo walau kidogo, kwa sababu yanavumilia joto pale oili ya kisasa inapokuwa imeshaungua. Lakini yawe yaliyosafishwa kwa ajili ya injini.

Tatizo ni upatikanaji. Mafuta haya ni mzigo wa hatari. Hayaingii kwenye ndege ya abiria, iwe kwenye begi au mkononi. Nitro ni ngumu zaidi: Umoja wa Ulaya umewawekea raia wa kawaida kikomo cha asilimia 16, kwa kuwa inaweza kutumika kutengenezea vilipuzi. Kabla ya kununua injini ya methanoli, mpate kwanza mtu atakayekuuzia lita zako za mwaka mzima. Ukimkosa, ruka njia hii.

Na methanoli ni sumu. Wakenya tunakumbuka mwaka 2014, pombe haramu iliyotiwa methanoli ilivyoua watu na kupofusha wengine Embu na kaunti nyingine. Usiweke kwenye chupa ya soda au ya maji hata kwa dakika tano. Vaa glavu. Moto wake mchana wa jua karibu hauonekani. Unaweza kuwa unaungua na usijue mpaka ngozi ikuambie. Weka kifuniko mara moja, maana inafyonza unyevu wa hewani, na mafuta yenye maji hayawashi injini. Pwani hili linatokea upesi.

Petroli ni kinyume. Inapatikana kila kituo, oili ya mipigo miwili iko kila duka la vipuri, na uchanganyaji wake wavuvi wa mashine za boti na wakata miti wanaujua kwa kichwa. Kwa kipimo cha 30 kwa 1, lita moja ya petroli inapata mililita 33 za oili. Kabureta yake mara nyingi ni ya aina ya Walbro, ndugu wa ile iliyo kwenye misumeno ya kukatia miti, kwa hiyo fundi wa misumeno aliye karibu nawe anaweza kukusaidia kusafisha na kubadilisha ngozi zake za ndani. Petroli pia inaliwa kidogo sana ukilinganisha na methanoli.

Kasoro yake ni uzito. Injini ya cc 20, ambayo ndiyo saizi ninayoiamini kuanzia, ukijumlisha sailensa, kisanduku cha cheche na betri yake, inakaribia kilo moja. Haiwezi kukaa kwenye pua ya ndege yetu ya kilo 2.5. Inataka ndege ya kilo 4 na kuendelea. Ziko za petroli za cc 10 hadi 15, na wako wanaozipenda, lakini kwa uzoefu wangu zinataka subira kubwa ya kurekebisha sindano. Ukifunga injini ya petroli, kisanduku cha cheche kikae mbali na risiva (kipokezi cha rimoti kilicho ndani ya ndege), sentimita 30 walau, la sivyo cheche zinaweza kuvuruga mawimbi ya rimoti.

Umeme ndio ninaompendekezea mtu wa nyanda za juu mwenye ndege ya saizi ya mfano wetu, na nasema hivyo nikiwa mpenzi wa harufu ya nyonyo iliyoungua. Mota haivuti pumzi. Nairobi au Mombasa, nguvu zake ni zilezile. Kilichopungua ni mzigo wa propela tu, na kwa hiyo unaongeza kipenyo kidogo na kurudisha mvuto wote uliopotea, jambo ambalo injini ya mafuta haiwezi.

Hebu tufanye hesabu. Tulihitaji wati 825. Kwa sababu ya hewa nyepesi tuongeze mpaka 1,000. Betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli 4 ikiwa kazini hutoa volti 14 hivi, kwa hiyo ampea ni 71. Ya seli 6 hutoa volti 21 hivi, ampea 48. Chagua seli 6. Joto kwenye nyaya na kwenye spidi kontrola, kifaa kinachodhibiti mwendo wa mota, hupanda kwa mraba wa ampea, na ampea 71 ni joto zaidi ya mara mbili ya 48. Spidi kontrola iwe ya ampea 60 au 70 ili isifanye kazi ukingoni.

Mota huchaguliwa kwa Kv, yaani mizunguko kwa kila volti moja. Kv 700 mara volti 21 ni 14,700. Ikibeba propela hubaki kama asilimia 80 yake, yaani karibu 11,800. Hiyo ndiyo tuliyoitaka kwenye hatua ya 2. Anza na propela ya 12x6, pima ampea kwa wati mita, kisha jaribu 13x6. Ukiona ampea zinapita kiwango cha mota, rudi. Watu hununua Kv kubwa wakidhani ni nguvu zaidi. Kv kubwa na propela kubwa kwa pamoja huunguza mota ndani ya dakika moja.

Betri ya seli 6 yenye mAh 4,000 itakupa dakika 8 hivi za sarakasi ukiacha asilimia 20 ndani. Ina wati-saa 89, na hilo lina faida nyingine: mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu betri isiyozidi wati-saa 100 kwenye begi la mkononi. Ya mAh 5,000 ni wati-saa 111, na itabidi uombe ruhusa. Usichaji lipo ukiwa umelala au umetoka, usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani, na ukimaliza kurusha irudishe kwenye volti 3.8 kwa kila seli kabla ya kuihifadhi.

Hatua ya 5: Ukichagua methanoli, angalia kilichomo ndani

Injini za mipigo miwili zenye nguvu karibu zote leo zinapitisha mchanganyiko kwa mtindo wa Schnuerle, uliopewa jina la mhandisi Mjerumani Adolf Schnürle. Matundu ya pembeni huelekeza mchanganyiko mpya upande ulio mbali na tundu la eksozi, ili usitoke pamoja na moshi. Injini ya kale isiyo nayo, ambayo pistoni yake ina kidole kilichosimama juu, haitakupa nguvu unazotafuta.

Kisha pistoni. Kuna za ringi, na kuna zile zinazoitwa ABC: pistoni ya alumini ndani ya silinda ya shaba nyeupe iliyopakwa kromu. ABC haina ringi. Silinda yake imebana kwa juu ikiwa baridi, na ikipata moto inatanuka ikawa sawasawa. Injini mpya ya ABC ukiigeuza kwa mkono inakwama juu kwa mlio mdogo, na watu huirudisha dukani wakidhani ni mbovu. Ndivyo inavyotakiwa. ABC ndiyo nyepesi na ndiyo inayopenda mizunguko mingi. Ya ringi inavumilia zaidi makosa na ringi hubadilishwa kwa bei nafuu.

Injini ya mipigo minne ni njia ya watu watulivu. Kampuni ya OS ya Osaka ilileta sokoni FS-60 mwaka 1976, na Saito nao wakajijengea jina kwa injini za aina hii. Inageuza propela kubwa kwa mizunguko 9,000 hadi 11,000, inakula kidogo na sauti yake haiwaudhi majirani. Lakini ili ilingane na ya mipigo miwili inabidi iwe na ujazo wa mara moja na nusu, na bei inapanda nayo. Kwa ndege yetu Nairobi ingekuwa cc 13 hivi.

Eksozi ya mwangwi, lile bomba refu linalorudisha wimbi la moshi ili lisukume mchanganyiko ndani, iache mpaka uwe umeifahamu injini yako kwa mwaka mzima. Urefu wake unafaa mizunguko fulani tu. Sentimita moja ikizidi au kupungua, ulichokusudia kuongeza unakipoteza.

Hatua ya 6: Ikiwa ni ya mkono wa pili

Wengi wetu ndiko tunakopata, na hakuna ubaya. Toa plagi na ugeuze krankshafti kwa vidole: ikikwaruza kama kuna mchanga, beringi zimeota kutu, kwa sababu masalio ya methanoli hufyonza maji. Beringi zinabadilishika. Rudisha plagi ugeuze tena: lazima ikaze juu. Tikisa krankshafti juu na chini, ikicheza, iache. Chungulia kwenye tundu la eksozi kwa tochi ukitafuta mikwaruzo ya wima niliyoieleza. Angalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimeliwa, aliyeifungua hakuwa na spana ya saizi, na hujui alifanya nini ndani. Muulize muuzaji, "Bwana, iliwaka lini mara ya mwisho?" na uombe iwashwe mbele yako. Ukiagiza kutoka nje kwa mtu anayesafiri, hakikisha ni mpya na haijawahi kutiwa mafuta, maana iliyotumika inaweza kukataliwa uwanjani.

Hatua ya 7: Izoeshe, kisha upime mvuto

Injini ya ringi izoeshwe kwa mafuta mengi na mizunguko ya chini, vipindi vya dakika mbili tatu, ikipoa katikati. ABC usiifanyie hivyo. Ikiwa baridi, silinda inabaki imebana na pistoni inajila. Ipashe kwanza kwa mashine ya kukaushia nywele, iwashe, ifikishe kwenye mizunguko mikubwa kiasi haraka huku ikiwa bado inatoa moshi wa kutosha, kisha izime baada ya dakika mbili.

Baada ya hapo, fanya kipimo ambacho hakuna boksi litakupa. Funga kamba kwenye mkia wa ndege, upande wa pili uning'inize kwenye mizani ya ndoana, ile ya kupimia samaki, iliyofungwa kwenye nguzo. Ndege iwe juu ya ubao laini, mtu wa pili asimame pembeni nyuma ya bawa, kamwe asisimame mbele au usawa wa propela. Peleka gasi yote, soma kilo. Kwa ndege yetu ya kilo 2.5, mvuto wa kilo 2 unatosha sarakasi nzuri, ukipata 2.5 kwenda juu itapanda wima bila kusita. Badilisha propela, soma tena, andika kwenye daftari pamoja na jina la mahali na joto la siku hiyo. Propela tatu zinamalizika kwa nusu saa.

Sindano ya methanoli irekebishwe gasi ikiwa yote: funga mpaka ifike kilele cha mizunguko, kisha ifungue ishuke kama mizunguko 300. Inua pua ya ndege juu kabisa na usikilize kwa sekunde kumi. Sauti ikipanda kidogo, sawa. Ikishuka, ongeza mafuta kabla ya kurusha.

Kabla ya siku hiyo ya kwanza uwe umeuliza mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA kwa Kenya au TCAA kwa Tanzania, kuhusu kibali na eneo unaloruhusiwa kurushia. Na jioni, ukimaliza, funga bomba la mafuta injini ikiwa inaendelea kuzunguka mpaka ijizime yenyewe, toa plagi, tia matone manne ya oili nyepesi ya mashine juu ya pistoni na mengine kwenye kabureta, geuza propela mara kumi kwa mkono, kisha ifunike kwa kitambaa kikavu.